Kuhusu Sura ya Tano ya Mswada Wako

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mswada wako nimeusoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale pale, katika sura ya tano, inapobainika kuwa mji uliozikwa ulijengwa na wageni kutoka sayari nyingine. Uniwie radhi, lakini fumbo lako linakata roho hapo, kwa sababu msomaji aliyekuwa na shauku ya kuwajua wakazi wale anaambiwa kwamba hata kuta zao hazikuwa kazi ya mikono yao.

Vifikirie vibao vya udongo vilivyofukuliwa Pylos, nchini Ugiriki, mwaka 1939. Makarani wa kasri waliandika hesabu zao kwenye udongo usiochomwa, ambao haukukusudiwa kudumu. Kasri lilipoteketea, yapata mwaka 1180 KK, moto ulioangamiza kila kitu ndio uliovioka vibao hivyo vikawa vigumu, vikakaa ardhini kwa zaidi ya miaka 3,000. Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, alipoufumbua mwandiko huo, Linia B, mwaka 1952, hazikupatikana tenzi za mashujaa, bali orodha za kondoo, mafuta na magurudumu. Katika vibao vya mwandiko huohuo vya Knossos, kisiwani Krete, hata maksai wana majina: mmoja Madoa, mwingine Mweusi. (Huyo Madoa hanitoki kichwani.)

Bunilizi ya kisayansi ninaiona hapo hasa. Chukulia ulimwengu ambamo maandishi hubaki pale tu mji unapoungua, na makarani wenyewe wanalijua hilo: ni nani kati yao atakayeshika kijinga cha moto ili akumbukwe, na maksai wake atamwacha zizini?

Ukitaka fumbo lisilo na jibu, ipo Linia A ya Krete, mwandiko uliotangulia Linia B. Kwa kuwa alama zake nyingi zinafanana na za Linia B, wataalamu hukisia matamshi yake, lakini lugha yenyewe haijaeleweka hadi leo. Mhusika wako angeweza kuyasoma maandishi ya ukutani kwa sauti, neno baada ya neno, asijue kama anasoma dua au deni.

Ile picha ya mtoto anayeokota kigae chenye alama ya kidole usiiguse kabisa. Hiyo sura ya tano niletee hata ikiwa rasimu.

Wako katika kalamu.