Tuiteni kabla mambo hayajaamuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na haya mashirika ya misaada yanayokuja huku kwetu Tana River, na naongea kama mtu aliyewahi kuvaa ile jaketi yao, manake mafuriko ya Novemba 2023 nilikuwa mmoja wa vijana wa kujitolea, alafu yale ya Aprili na Mei 2024 mimi mwenyewe ndo nikalala kwa hema na wanangu.

Kwanza niseme wazi, misaada imetuokoa. Bila zile boti na dawa ya kutibu maji wengi wetu hatungekuwa hapa sai. Kinachoniuma ni vile neno "kushirikisha jamii" linatumika. Huku kwetu limekuwa ni kuitwa baraza la chifu, mnakaa chini ya mwembe lisaa limoja, mnasaini karatasi ya mahudhurio, mnapigwa picha, mnapewa soda mnaenda nyumbani. Kumbe kila kitu kilishaamuliwa Nairobi, kijiji kimeshachaguliwa na vitu vimeshanunuliwa.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Baada ya maji kushuka shirika moja lilikuja na mradi wa bustani ya kina mama, pampu ya sola na uzio mzuri kabisa, wakachagua pahali karibu na mto kwa sababu udongo ni mzuri na gari linafika. Pale pahali ni malka, yaani njia ya ng'ombe kuteremka mtoni kunywa maji wakati wa kiangazi. Mzee yeyote wa hapa, awe Mpokomo mkulima awe Muorma mfugaji, angewaambia hilo kwa dakika mbili tu. Hawakuuliza. Kiangazi kilipofika ng'ombe wakaja na njia yao imefungwa, uzio ukavunjwa, vijana wa pande mbili wakashikana mashati, ikabidi wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, baraza la Waorma, wakae siku tatu kuwatuliza. Sisi hapa bado tunakumbuka 2012 na 2013, watu zaidi ya mia moja waliuawa kwenye mapigano Tana Delta, na ugomvi wa malisho na maji ulikuwa ndani yake. Wale kina mama walioahidiwa sukumawiki na nyanya hawajavuna kitu, na pampu imelala.

Na mbegu pia. Mkulima wa mto Tana anapanda maji yanaposhuka, udongo ukiwa bado na unyevu, ukichelewa wiki chache basi tena. Mwaka huo tuliletewa mbegu za mahindi ardhi imeshapasuka nyufa, wengine wakazisaga wakapika, na mimi siwalaumu.

Cha kushangaza ni kwamba haya yote wenyewe walishayakubali kwenye maandishi. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walitunga mwaka 1994 zinasema itafutwe njia ya kuwahusisha wanaopokea msaada katika kuusimamia. Mei 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa wakaahidi kwamba kufikia 2020, asilimia 25 ya pesa zitafika kwa mashirika ya nchini na ya mashinani moja kwa moja kadiri inavyowezekana. 2020 ilipita na ahadi haikutimia.

Ukiuliza unaambiwa vikundi vya vijijini havina uwezo wa kushika hesabu. Hapo nakataa kabisa. Chama cha kina mama cha kijijini kwetu kina sanduku lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kila Jumapili linafunguliwa mbele ya wote pesa zinahesabiwa kwa sauti, na watoto wamesomeshwa na hilo sanduku. Huko Sudan tangu vita vianze Aprili 2023 vijana wa mitaa hiyo hiyo ndo wanaendesha majiko ya pamoja na kulisha watu sehemu ambazo magari ya mashirika makubwa hayafiki, na hao hawakungoja kufundishwa hesabu na mtu.

Mimi naomba vitu vichache tu. Orodha ya watakaosaidiwa isomwe barazani kwa sauti mbele ya kila mtu, aliyeachwa aseme hapo hapo na aliyeingizwa kimakosa atolewe. Pahali pa mradi paonyeshwe wazee wa wakulima na wa wafugaji wakiwa pamoja, sio upande mmoja. Alafu bajeti mtuonyeshe, hata kama ni ndogo, tujue lori linakula ngapi na mbegu zinabaki ngapi.

Mvua za masika zinaanza Machi, na yale mabwawa ya huko juu kwenye mto Tana kuanzia Masinga yakijaa yakafurika, maji yanakuja kwetu. Januari na Februari barabara inapitika, wazee wako, sisi tuko mashambani. Njooni wakati huo tukae tupange.

Msomaji wako,
Tana Delta