Punda wa mfanyabiashara anakula nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu hadithi za nchi za kubuni mnazochapa kwenye ukurasa wa vijana. Nazisoma zote, tena nikiwa na kalamu mkononi, tabia niliyotoka nayo kazini. Nimekuwa karani wa forodha kwa miaka 31, na kazi yangu ilikuwa kulinganisha kilichoandikwa kwenye ankara na kilichomo ndani ya kasha. Majoka, wachawi, panga zinazosema, vyote hivyo navipokea bila ubishi. Kinachonishinda ni soko.

Majuzi mlichapa hadithi yenye mji wa watu laki moja juu ya kilele cha mlima wa mawe matupu. Mto hakuna, shamba hakuna, na njia ya kupandia ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Hata hivyo sokoni kumejaa nafaka, vitambaa vya hariri, chuma na samaki wabichi. Nilisoma hadi nukta ya mwisho nikingoja kuambiwa vilipandaje. Sikuambiwa. Na mwandishi ana kipaji. Mapigano yake ya langoni yalinikosesha usingizi, ndiyo maana jambo hili limeniuma.

Mjukuu wangu wa miaka 14 naye ana nchi yake. Ameichora nyuma ya kalenda iliyokwisha: kaskazini mji wa minara mitatu, kusini bandari, na katikati mstari mwekundu ulionyooka kama uzi wa mwashi. Pembeni ameandika "Njia ya Biashara". Nikamuuliza hapo kinapita nini.

"Ngano, babu. Inatoka bandarini kwenda mjini."

"Siku ngapi?"

"Arobaini."

"Inabebwa na nani?"

"Punda."

Tukaleta kopo la vifungo vya nguo, tukakubaliana kila kifungo ni kilo tatu za ngano. Punda mmoja tukampa vifungo ishirini, yaani kilo 60, mzigo ambao punda anaweza kwenda nao mbali. Nyika aliyoichora ni kavu, haina hata jani la kung'ata, kwa hiyo kila siku kifungo kimoja kinaondoka kwa ajili ya punda. Alikuwa akiviondoa mwenyewe kwa ncha ya kidole, akihesabu kwa sauti. Siku ya ishirini meza ikabaki tupu. Punda yuko nusu ya safari, na anayemswaga hajaonja hata punje. Mtoto akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Kumbe ngano haiwezi kupita huku." Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Ngano hupenda kusafiri kwa maji. Roma ya kale ililetewa nafaka kutoka Misri kwa meli, ng'ambo ya bahari, wala si kwa mikokoteni. Kinachovuka jangwa na milima ni kile chenye bei kubwa na uzito mdogo, kama hariri, lulu, uvumba au dhahabu; au kile ambacho watu wa upande wa pili hawawezi kuishi bila hicho, kama chumvi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi katikati ya Sahara, mwaka 1352, alikuta nyumba zimejengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, na wakazi wake wanakula tende na nafaka zilizosafirishwa kutoka mbali. Mji kama huo mwandishi anaweza kuujaza sura kumi, kwa sababu msafara ukichelewa tu, watu wanalala njaa ndani ya kuta zenye thamani.

Halafu kuna mzigo wa kurudi, ambao waandishi wetu karibu wote wanausahau. Chombo kikirudi kitupu, hasara ni ya mwenye chombo, na baharini chombo kitupu huyumba. Kauri za Maldives, zile simbi ndogo za baharini, zilipakiwa chini kabisa melini kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, na zilipofika Bengal na Afrika Magharibi zikawa fedha. Majahazi yaliyoleta tende kutoka Uarabuni kwa upepo wa kaskazi yalirudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Kati ya upepo mmoja na mwingine kulikuwa na miezi ya kungoja, na katika kungoja huko watu walioa, wakajifunza lugha ya wenyeji, wakakopeshana. Kwenye hadithi zenu meli zinang'oa nanga siku yoyote nahodha anayojisikia. Miezi hiyo yote ya visa inapotea bure.

Kuhusu ushuru niruhusu nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipoishi. Kwenye mlango bahari wa Øresund, kati ya Denmark na Sweden ya leo, meli zilizopita zililipa ushuru kwa mfalme wa Denmark tangu karne ya 15 hadi mwaka 1857. Ulifika wakati nahodha akawa anataja mwenyewe thamani ya shehena yake. Lakini mfalme alijiwekea haki ya kuinunua shehena hiyo kwa bei ileile iliyotajwa. Ukishusha bei ili ukwepe ushuru, unaweza kunyang'anywa mali yako kihalali. Ukiipandisha, unalipa zaidi. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisimama. Nimewatazama watu wengi wakitaja bei mbele ya meza yangu, kidole kikikunjakunja kona ya ankara, na najua uzito wa dakika ile. Sasa mwondoe mfalme, uweke joka mlangoni. Halichomi mtu, halitoi moshi. Linauliza tu, "Mzigo wako una thamani gani?"

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Hadithi ya aina hii ikija, mrudishie mwandishi swali moja kabla ya kuichapa: wanaopita kwenye njia hii wanabeba nini wakienda, na wanarudi na nini? Si kwa kumkomoa. Majibu yake yatampa watu ambao hakuwa nao.

Mjukuu wangu ameufuta ule mstari mwekundu. Njia yake mpya inapindapinda kutoka kisima hadi kisima, na mji wa minara ameuhamishia mahali mito miwili inapokutana. Kando ya kisima cha nne ameandika jina la mwanamke. Nikamuuliza huyu ni nani, ndiye mwenye kisima? Akasema hapana, kisima ni cha wote, ila ni kirefu sana, na kamba inayofika chini anayo yeye peke yake. Ameanza kuandika sura ya kwanza. Akiimaliza nitaileta hapo ofisini mwenyewe.

Wako,
Karani mstaafu wa forodha