Kuhusu ile printa yako

Shoga yangu Zuhura,

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu, hasa pale uliposema umeipiga printa kofi la mgongoni, ikatema nusu karatasi kisha ikazima. Pole. Ila umeniuliza wino gani una nafuu, na mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kwa mwezi unachapisha kurasa ngapi, na ni za nini?

Nakuuliza kwa sababu mimi sikujiuliza. Printa yangu ya kwanza niliichukua kwa kuwa ilikuwa ya bei chee kuliko zote. Nilikuwa naitumia mara moja kwa wiki tatu, pengine nne. Kila nikiiwasha inanguruma na kugugumia dakika nzima kabla haijagusa karatasi, nami nadhani inapasha misuli moto. Ukaja ujumbe kwamba wino umekwisha. Nikanunua katriji nyingine, ujumbe ukaja tena, na rimu yangu ya karatasi 500 haijafika hata robo. Ilipokufa kabisa nikachukua bisibisi nikaifungua. Chini kabisa, upande ule kichwa cha kuchapia kinapoegeshwa, kulikuwa na sponji nene kama godoro la mwanasesere, imelowa chepechepe: katikati nyeusi tii, kingoni buluu na zambarau. Nikaibonyeza kwa kidole. Wino ukapanda hadi kwenye ukucha, ukakaa siku nne. Shoga, wino wote nilioulipia ulikuwa pale!

Ndivyo zilivyo hizi printa za wino. Matundu yanayorusha wino ni membamba kuliko unywele, na yakikaa bila kazi wino hukaukia mlangoni. Kwa hiyo printa hujisafisha: inafyonza wino mzima mzima kupitia matundu na kuumwaga kwenye ile sponji. Asiyechapisha mara kwa mara ndiye hupoteza zaidi. Na ukiizima kwa kuchomoa waya ukutani badala ya kitufe chake (nakujua, hiyo ni tabia yako), kichwa huenda kisirudi kwenye kifuniko chake, kikabaki wazi kinakauka.

Sasa wewe umesema unachapisha ankara, mikataba na kazi za shule za watoto, na zaidi ya nusu ni maandishi meusi. Basi sina haja ya kuzunguka: nunua printa ya leza inayochapisha nyeusi tu, isiyo na rangi hata moja. Tona yake ni unga, na unga haukauki. Unaweza kuiacha miezi mitatu, ukirudi ikachapisha ukurasa wa kwanza kana kwamba uliiacha jana. Utaona bei yake dukani imezidi ya ile ya wino, usishtuke. Picha za watoto za kubandika ukutani kazipeleke kwa mwenye studio. Kununua printa ya rangi kwa ajili ya picha sita kwa mwaka ni kufuga ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Mambo mawili kuhusu leza. Ndani ina sehemu inayopata moto mkali wa kuyeyushia tona kwenye karatasi, hivyo inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Usiichomeke kwenye betri ya akiba ya kompyuta. Na ikikuambia tona inakaribia kwisha, usikimbilie dukani. Itoe, itikise polepole kulia na kushoto, irudishe. Mimi hubadilisha siku maandishi yanapoanza kufifia, si siku taa inapowaka. Aina nyingine zina dramu, ile silinda inayobandika tona kwenye karatasi, inayouzwa peke yake mbali na tona, kwa hiyo ulizia bei ya vyote viwili kabla hujalipa.

Kama watoto wataanza kukudai ramani na michoro ya rangi kila wiki, hapo nitabadili kauli. Utatafuta printa ya matangi, zile unazomiminia wino kwa chupa: Epson wanaziita EcoTank, Canon MegaTank, HP Smart Tank. Chupa moja inakwenda maelfu ya kurasa. Lakini kichwa chake nacho hukauka, kwa hiyo kila wiki uchapishe angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote. Na uchague ambayo kisanduku cha wino taka unaweza kukibadilisha mwenyewe, maana sponji ikijaa, printa hugoma hata kama matangi yamejaa pomoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: bei ya katriji gawanya kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Tuseme tona ndogo inatoa kurasa 700 na kubwa 2,000, na kubwa ni bei mara mbili. Kila ukurasa wa ile kubwa umepungua gharama kwa asilimia 30. Ila zile kurasa za kwenye boksi ni za maandishi ya kawaida, wino umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Bango la sherehe lenye usuli mweusi hulipimi kwa hesabu hiyo. Halafu tona inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi haijajazwa, kwa hiyo usiifanye kipimo.

Umeuliza pia kuhusu katriji zisizo za kampuni. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza yake, yaani haki yake ya uvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza upya na kuiuza. Ikabaki hila ya chipu. Printa inasoma chipu ya katriji, na masasisho yanayokuja kwa intaneti yanaweza kuifanya iikatae katriji iliyokuwa ikifanya kazi jana. Ukiamua kutumia za kujaza, zima masasisho ya kujiendesha siku ile ile unapoifungua printa. Na kama wakati wa kuisajili itakubembeleza ujiunge na mpango wa kulipia wino kwa mwezi, soma kwanza masharti: kwenye mipango mingine ukiacha kulipa, katriji walizokutumia zinafungwa hata kama zina wino.

Ile ya zamani usiitupe kwanza. Jaribu kama bado inaskani. Nyingine hukataa wino ukiisha, ila yako huenda ikakubali, na leza nyeusi za bei nafuu nyingi hazina skana. Hata ikikataa, chomoa waya wake wa USB uuweke, kwa sababu printa mpya nyingi haziji nao, na sitaki unipigie saa tatu usiku kuniuliza unauzwa wapi.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaisha