Barua kwa mwanangu, kabla ya Septemba

Mwanangu kipenzi,

Jana, mkiwa bado mmevaa majoho, mama wa rafiki yako alikuuliza unakwenda chuo gani. Ukamjibu, "Bado naangalia," kisha ukanitupia jicho. Jicho hilo ndilo lililoniamsha saa tisa usiku nikuandikie.

Tuliingia Houston mwaka 2011 kwa viza ya matembezi. Ulikuwa na miaka mitatu, umenilalia begani. Tulipewa miezi sita. Niliyeamua tusirudi Tanga ni mimi, wewe hukuulizwa. Atakayekuita mvunja sheria, usiyabebe maneno yake. Mzigo huo ni wangu.

Shule ilikupokea bila kudai makaratasi kwa sababu mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka hapa hapa Texas, kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa kibali. Uamuzi ule haufiki chuoni. Mwaka 2012 Obama alipotangaza DACA, mpango wa kuwakinga na kufukuzwa nchini vijana walioletwa wakiwa watoto, majirani walishangilia. Mimi nilisikia sharti la kuwa umeishi nchini tangu Juni 2007, nikazima televisheni. Na ile ruhusa ya Texas ya tangu 2001, ya vijana kama wewe kulipa chuoni ada nafuu ya wakazi wa jimbo, ilifutwa mahakamani Juni 2025, siku ile ile kesi ilipofunguliwa.

Sasa lililo zito. Mtoto hahesabiwi siku za kukaa bila kibali. Zako zilianza Machi, ulipotimiza miaka 18. Ukiondoka kabla hazijazidi 180, yaani kabla ya Septemba, hazitakufungia mlango. Zikizidi, ukitoka huruhusiwi kurudi kwa miaka mitatu. Ukipitisha mwaka, kumi. Mimi nilishavuka zamani. Nikikusindikiza, ama nimwache mdogo wako aliyezaliwa hapa, ama nimng'oe kama nilivyokung'oa wewe.

Ukibaki, nakusihi jambo moja. Atatokea mtu wa kukuambia utie alama tu kwenye fomu pale palipoandikwa raia, kwamba hakuna anayeangalia. Usitie, mwanangu. Kudai uraia usio nao kunaweza kukuzibia njia maisha yako yote, hata ukija kuolewa na raia. Nimekesha miaka mingi nikitunza wazee majumbani mwao kwa malipo ya mkononi, na alama hiyo sijaitia.

Sikuchagulii. Nilikuchagulia mara moja, na matokeo yake ndiyo haya tunayoishi. Alhamisi tuna miadi na mwanasheria. Andika maswali yako, uyaulize mwenyewe. Mimi nitakaa kimya pembeni yako.

Bibi yako kila akipiga simu anauliza kama apake chokaa chumba cha mbele. Nimemwambia asubiri umjibu wewe.

Mama yako