Desimali ya kikokotoo si baki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa ambalo nimelikuta mara nyingi mno kwa vijana ninaowafundisha tuisheni hapa Nyegezi, Mwanza, hasa tangu mmoja wao alipoletewa na mjomba wake kikokotoo cha grafu aina ya TI-84 Plus. Nasema kikokotoo cha hesabu, si kile cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, ambacho sisi wastaafu tunakijua kwa machungu.

Niliwapa hesabu ya soko la samaki la mwaloni Kirumba: samaki 1,000 wapangwe katika makreti yanayochukua samaki 48 kila moja, watakaokosa kreti la kujaa ni wangapi? Mashine ilitoa 20.83333333, na wengi wakaandika "20 baki 83", pasipo hata mmoja kujiuliza samaki 83 wangebakije ilhali 48 kati yao wangejaza kreti jingine. Kijana mmoja, aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, alizidisha 0.83 kwa 48 akapata 39.84, yaani samaki 39 na kipande cha mnofu.

Ile desimali ni sehemu ya kreti, wala si idadi ya samaki. Anayetaka samaki atoe 20 katika jibu lililo kwenye kioo, bila kulifuta wala kulikata, kisha azidishe kwa 48, atapata 40. Njia ninayoipendelea zaidi ni kuandika 1000 − 48 × int(1000 ÷ 48), ambapo int ni amri ya mashine inayolishusha jibu hadi namba nzima, hapa 20, kwa sababu inafuata hatua zilezile za kugawanya kwa njia ndefu tulizofundishwa shule ya msingi. Programu mpya za mashine hiyo zina amri ya remainder (yaani baki) katika menyu ya MATH, upande wa NUM, nayo hutoa baki moja kwa moja.

Penye namba hasi ndipo penye mtego. Tuseme leo ni Ijumaa, na mtu aliondoka na meli ya Bukoba siku 17 zilizopita. Kwa kuwa majina yetu ya siku yenyewe yanahesabu, Jumamosi ikiwa mosi na Jumapili pili, Ijumaa inakuwa 0, nasi tunatafuta baki la −17 kwa 7. Amri ya int hushuka hadi namba nzima iliyo chini, −3, na baki ni 4, yaani Jumanne, ambalo ndilo jibu sahihi. Amri ya iPart hukata desimali tu na kuacha −2, hivyo baki huwa −3, siku isiyo na jina katika kalenda yoyote.

Wanafunzi walielewa nilipowaagiza wachore Y = X − 7int(X ÷ 7): mstari ukapanda kutoka 0 ukiikaribia 7 pasipo kuifikia, ukaporomoka, ukapanda tena kama meno ya msumeno, pande zote mbili za sifuri.

Najua Baraza la Mitihani haliruhusu vikokotoo vinavyoweza kupangiwa programu, kwa hiyo mashine hii itabaki nyumbani siku ya mtihani. Ombi langu ni kwamba kila mnapochapisha maswali ya wanafunzi yenye kugawanya, jibu liandikwe kwa namna zote mbili, 20.83 na 20 baki 40, yakiwa jirani.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza