Mheshimiwa Waziri, watu wa nje ya geti hawakuwa na mtu mezani

Kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Nairobi

Mheshimiwa, salamu. Najua barua kama hizi zinapitia kwa msaidizi wako kwanza, msaidizi tafadhali usiiweke kando.

Ni ile stori ya mabomu ya balozi za Marekani, 7 Agosti 1998. Watu 224 walikufa Nairobi na Dar, 213 wakiwa wa hapa Nairobi. Unajua vile ilienda, kwanza kulisikika kishindo kidogo na risasi, watu wa maofisi ya karibu wakakimbilia dirishani waone kuna nini, ndio sasa likaja lenyewe na vioo vikawaingia machoni. Wengi wao hawakuwa na kazi yoyote ubalozini, walikuwa Co-operative House, walikuwa kwa basi hapo Haile Selassie, walikuwa Ufundi House wanasomea usekretari.

Sasa kule Marekani kuna kesi ya Opati dhidi ya Sudan, waathiriwa wa hayo mabomu waliishtaki Sudan ati iliwasaidia al-Qaeda waliolipua, ilifika Supreme Court na 18 Mei 2020 ikaamuliwa 8 kwa 0. Ubishi ulikuwa hivi, sheria ya Marekani ya 2008 inaruhusu fidia ya adhabu, yaani pesa za juu za kumwadhibu mkosaji, je inaweza kurudi nyuma mpaka 1998? Jaji Gorsuch akaandika kwamba ndio, Congress, bunge lao, ilishasema wazi. Hukumu nzima ilikuwa kama dola bilioni 10.2, na bilioni 4.3 hivi ndio ya adhabu. Watu walishangilia, hata mimi, mpaka nikaketi nikaisoma hiyo sheria. Inawafungulia mlango raia wa Marekani, wanajeshi wao, na wafanyakazi ama makontrakta wa serikali yao waliokuwa kazini. Basi. Mlinzi Mkenya wa ubalozi anaingia, makanga aliyekuwa anaita abiria hapo nje haingii, na bomu ni moja.

Na hao walioshinda pia hawakuziona hizo bilioni. Sudan ilitaka kutolewa kwa ile listi ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi, ikakubali kulipa dola milioni 335, na humo humo kuna watu wa USS Cole, meli ya jeshi la Marekani iliyolipuliwa Yemen. Desemba 2020 ikatolewa, Congress ikairudishia kinga ya kutoshtakiwa. Familia ya mfanyakazi Mmarekani aliyekufa ikapangiwa dola milioni 10, ya mfanyakazi wa hapa ikapangiwa laki 8. Hesabu fanya wewe.

Lakini kilichonikera zaidi ni hiki. Kwa hiyo sheria ya kurudisha kinga, familia za Septemba 11 waliachiwa kesi zao ziendelee, manake walikuwa na maseneta waliokataa kabisa kupitisha kitu kama hao watafungiwa nje. Sisi kwa hiyo meza tulikuwa na nani, Mheshimiwa? Na usiniambie ati ni mambo ya korti, korti ilimaliza Mei, yaliyofuata yote yalikuwa ni mazungumzo ya serikali na serikali, na hiyo ndio kazi yako.

Sikulaumu kwa ya 2020. Naomba uende Washington uitishe fungu la watu wa nje ya geti, kwa maandishi, na sisi tuione hiyo barua. Tarehe 7 Agosti ukija pale memorial park kuweka maua, njoo na kopi.