Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Udhamini wa Wakfu na Mashindano ya Matanga ya Kumbukumbu

Ndugu wanachama,

Wakfu umeendelea kudhamini mashindano yetu ya mashua za tanga ya kumkumbuka marehemu, ila safari hii kwa sharti lililozua maneno: fedha zake zisitolewe kama zawadi taslimu. Kamati haikuona sababu ya kubishana. Wakfu ni chombo cha hisani, hela yake imefungwa kwenye lengo lake, na kumjazia mfuko mwenye mashua si hisani. Fedha zimekwenda kwenye boti za uokoaji, mafuta, bima ya madhara kwa watu wengine, redio na maboya. Zimepita kwenye akaunti yake peke yake bila kuchanganyika na ada zenu, na stakabadhi zote zipo kwa mhazini.

Kasoro kubwa ilikuwa boya la kuanzia. Liliburura nanga, mstari ukapinda, mashua zikasongamana upande mmoja. Amari, yaani kamba ya nanga, ilikuwa fupi: ilikatwa kwa kina cha maji yaliyokupwa, na yalipojaa ikawa inaivuta nanga juu badala ya kuilaza. Kuanzia sasa amari iwe angalau mara 3 ya kina cha maji yaliyojaa, na kati yake na nanga ziungwe mita chache za mnyororo ili nanga ilale na kung'ata. Amari ndefu nayo ina udhia wake, maana inaelea na kunasa usukani wa anayepita karibu. Dawa ni kuning'iniza uzito mdogo kwenye amari, chini kidogo ya boya, izame wima.

Lalamiko kuhusu honi iliyogoma lilikataliwa. Bendera ya daraja, yaani ya kundi la mashua zinazoshindana pamoja, hupanda dakika 5 kabla ya kuanza, ya maandalizi dakika 4, hii ya pili hushushwa ikibaki dakika 1, na ya daraja hushuka mbio zinapoanza. Kanuni ya 26 ya mashindano ya matanga iko wazi: muda hufuata bendera, na sauti ikikosekana haihesabiwi. Anayeitegea honi sikio anajiponza mwenyewe.

Wanaoacha mbio kwenda kuokoa wenzao wanatimiza kanuni ya 1, tena wana haki ya kuomba marekebisho ya alama. Wengi hawaombi, basi wanabaki na alama za asiyemaliza, yaani idadi ya mashua zilizoandikishwa jumlisha 1, na katika hesabu yetu mwenye alama nyingi ndiye aliye nyuma. Jazeni fomu siku ileile.

Nembo za wakfu zilizobanduka zilibandikwa juu ya umande. Futeni chumvi omoni, yaani mbele ya mashua, kwa maji yasiyo ya chumvi, pakauke kabisa, ndipo mbandike, pande zote mbili.

Shada la marehemu litupwe kabla ya bendera ya daraja kupanda, mahali ambapo mkondo hautalirudisha mstarini. Liwe la majani na maua matupu, kwani waya wa kufungia ukijiviringisha kwenye pangaboi, boti ya uokoaji imekwisha kazi.

Mkataba wa udhamini unaomalizika hausemi nani abebe gharama zilizokwisha kulipwa iwapo upepo utakataa na siku ikafutwa. Kamati inapendekeza ziruhusiwe kukatwa kwenye fedha za wakfu, na salio lihamie siku itakayopangwa upya. Rasimu ya ibara hiyo imeambatishwa. Isomeni kabla ya kura.